Kitanda Nilicholalia kwa Jina la Mwenzangu

Amani kwenu, ndugu zangu, wenye mmepata fasi ya kukaa na wenye mmesimama mlangoni. Mama shemasi ameniambia niseme kwa kifupi. Wenye mnanijua mmeanza kucheka tayari, na mko na haki: kifupi na mimi hatujawahi kupanga nyumba moja. Lakini nitajaribu.

Sitataja jina la mtu hata mmoja. Mtaona mbele kidogo kwamba katika mambo haya jina ndilo liliniletea taabu, basi afadhali leo majina yote yapumzike.

Wengi mnajua natoka ng'ambo ya mto Ruzizi, upande wa Burundi. Tulivuka na mama yangu nikiwa mtoto wa shule ya msingi, tukapelekwa kwenye kambi ya wakimbizi, kusini huko kando ya ziwa. Pale nilisoma miaka michache, nikaacha. Nilipokuwa msichana mkubwa nikaja Uvira peke yangu kutafuta kazi, mama akabaki. Nilitoka bila kuaga wakubwa wa kambi. Jina langu lilibaki kwenye karatasi ya jamaa, na karatasi hiyo iko kwa mama, ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya godoro. Kwa hiyo hapa mjini sikuwa na karatasi hata moja yenye kusema mimi ni nani.

Nikapata chumba mtaa wa Songo na kazi ufukweni, kuanika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa. Kazi ile ni ya mgongo na jua, lakini mimi niliipenda, kwa kuwa mdomo unabaki huru. Na mdomo wangu ulikuwa na kazi yake. Msinicheke sana. Nilikuwa na ndoto ya kusoma matangazo redioni. Nilijifundisha kwa kusoma maandishi ya kwenye sabuni, kwenye mifuko ya chumvi, popote penye herufi. Nikigeuza samaki mchangani nilikuwa natangaza: wasikilizaji wapenzi, mawimbi leo ni ya wastani, na yule mama mwenye kitenge cha njano ameficha samaki wakubwa chini ya wadogo. Wanawake wa pale walicheka. Walicheka pia matamshi yangu, wakaniita Mtangazaji wa Ng'ambo. Niliitika. Jina la utani ni namna ya kukaribishwa.

Kisha jino likaanza. La chini, la nyuma, upande wa kushoto. Kwanza lilikuwa linanikumbusha tu ninapokunywa maji ya baridi. Baadaye likawa linanikumbusha bila maji. Nikaweka chumvi, nikaweka karafuu, nikaweka tumbaku mpaka kichwa kikazunguka. Mwishowe nikaenda kwa baba mmoja anayeng'oa meno kwa koleo nyumbani kwake. Alivuta, likasikika kama ukuni unavunjika, akanionyesha kipande. Nilifurahi, nikamshukuru. Kumbe kipande kile kilikuwa cha juu tu, mizizi ilibaki chini imekaa.

Baada ya siku chache shavu likavimba. Nikaanza kujifunika kitenge mpaka karibu na jicho. Ufukweni wakasema Mtangazaji amefunga redio. Siku za kwanza waliuliza kwa nini. Nikawa najibu kwa kichwa. Nao watu, ndugu zangu, tusiwalaumu: mtu akijibu kwa kichwa mara tano, mara ya sita hawaulizi tena.

Sijui kama kuna humu aliyewahi kuumwa katika mji ambao hakuna mtu aliyemwona akiwa mtoto. Kwenu, ukiugua, kuna mtu anayejua ukiwa mzima uko namna gani. Mama yangu angeniona nimenyamaza nusu saa, angejua nakufa. Hapa nilinyamaza wiki mbili, ikaonekana nimekuwa na adabu. Nilikuwa nikitoka kazini nakoroga uji mwepesi, nakunywa upande mmoja wa mdomo, nakaa mlangoni mwa chumba nikiangalia watoto wa uwanja wakicheza. Nilitamani mmoja wao anichokoze. Hawakunichokoza. Kitenge kiliwatia hofu.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kwenye kituo cha afya. Swali zuri. Kilikuwa karibu, ningefika kabla ya jasho kutoka. Lakini mama mmoja wa pale mchangani aliniambia kwa upole, kwa kunionea huruma kabisa: "Weye wa ng'ambo, watakuuliza kadi. Ukikosa, jina lako linapelekwa kwa wenye mpaka, unarudishwa." Hakuwa mtu mbaya. Naye aliambiwa na mwingine, na yule mwingine aliambiwa. Mimi sikwenda kuuliza mwenyewe. Nilichukua maneno ya mchangani, nikayafanya sheria ya nchi.

Kwenye uwanja ule wa nyumba niliyopanga kuna dada tulikuwa tunaanika naye ndagala. Ni mwenyeji, kwao Runingu, roho yake ni laini kama ugali wa moto. Yuko humu ndani, amenipa ruhusa kuyasema, ingawa naona ameinamisha kichwa. Inua kichwa, dada yangu. Yeye ndiye aliingia chumbani, akafunua kitenge, akaona shavu, akakaa chini. Nikamweleza hofu yangu. Akatoka, akarudi na fishe yake ya kituo cha afya, ile karatasi ngumu iliyokunjwa, yenye jina lake na magonjwa yake yote.

Akaniambia, "Jina haina kuchoka. Kamata yangu, utarudisha mangaribi."

Tukacheka, mimi kwa nusu ya mdomo. Tulikuwa na umri karibu sawa. Muuguzi wa pale alikuwa mgeni, alihamishiwa pale majuzi, hakumjua dada yangu. Na uso wangu ulikuwa umevimba hata mama yangu asingenitambua. Tuliona tumepata akili kubwa sana. Ndugu zangu, nawaambia, akili ya watu wawili wenye hofu ni ndogo kuliko ya mmoja aliyetulia.

Nikaenda. Nikaweka fishe mezani, nikakaa kwenye simenti pamoja na wamama na watoto wao. Muuguzi akaita jina. Hakuna aliyesimama. Akaita tena. Mimi nikageuka kumtafuta huyo mvivu. Kwa shida ya mdomo wangu nikamnong'oneza mama wa pembeni kwamba watu wengine wanaitwa hawaamki, wanachelewesha wagonjwa. Yule mama akatikisa kichwa kwa masikitiko. Mara ya tatu ndipo jasho likanitoka. Mvivu ni mimi. Nikainuka, na yule mama akaniangalia mpaka nilipoingia ndani.

Muuguzi alikuwa mwema, na hapo ndipo palikuwa pagumu. Mtu mkali unamdanganya huku umekaza roho. Mtu mwema anakuuliza habari zako. Akasoma fishe, akauliza mtoto anaendeleaje. Sikujua fishe imebeba na mtoto. Nikasema anaendelea. Akauliza amefikia wapi, hofu ikanisahaulisha mtoto ninayemwona kila siku, nikaona nimpe habari njema, nikasema anatembea. Akaangalia tarehe, akaniangalia. Yule mtoto alikuwa na miezi minne.

Mnacheka. Chekeni, hata mimi leo nacheka. Siku ile nilisema jino linanichanganya akili, naye akakubali. Kisha akasoma mstari mwingine, akasema, "Naona sindano ya peneseline inakukatalia. Mwaka jana ulivimba mwili, ulikosa pumzi."

Nikaitika kwa kichwa. Ningefanya nini? Dada yangu alikuwa amesahau kuniambia hilo, kama mtu anavyosahau mvua ya mwaka jana. Kumbe mimi sindano hizo nilidungwa nyingi kambini utotoni, kwa kifua, na mwili wangu haukuwahi kulalamika. Nilijua hilo. Nilijua vizuri. Lakini kusema "hapana, hainikatalii" ni kusema "fishe si yangu". Basi nikaitika. Muuguzi akaweka kando dawa aliyotaka, akanipa vidonge vingine na maji ya kusukutua, akaniandikia karatasi ya kunituma, akaniambia nikiona shavu linashuka kuelekea shingoni nikimbie lopitali kubwa siku hiyohiyo.

Likashuka. Siku ya nne asubuhi niliamka taya imefunga. Kati ya meno ya juu na ya chini palipita ncha ya kijiko tu. Mate yalikuwa yananishinda kumeza. Dada yangu akaniitia moto, ile pikipiki ya abiria, tukapanda watatu pamoja na dereva, mimi katikati, akanishika kiuno mpaka kwenye lango la lopitali. Hapo akasimama. Tukaangaliana.

Nataka mwelewe hapa. Fishe niliyokuwa nayo ilikuwa yake, na karatasi ya kunituma ilikuwa na jina lake. Shemeji yake anafanya usafi ndani ya lopitali ile. Akiingia na mimi, shemeji atamwita kwa jina lake mbele ya mgonjwa mwenye jina hilohilo. Mtu hawezi kuja kumlinda mgonjwa ambaye ni yeye mwenyewe. Akalia, akanipa kikombe chake cha bati na kitenge cha kujifunika, akabaki nje ya lango. Nikaingia peke yangu.

Wenye mmelala lopitali zetu mnajua mambo. Daktari anatibu, lakini anayekupikia, anayekufulia, anayekimbia kununua dawa, ni mtu wako, yule mwenye kumlinda mgonjwa. Chumba kizima kilikuwa na watu wao. Chini ya kila kitanda kulikuwa na sufuria, na nje majiko yalikuwa yanatoa moshi wa mboga ya sombe na ndagala. Chini ya kitanda changu hakukuwa na kitu. Muuguzi wa pale akaniuliza nani ananilinda. Nikainua bega. Akaandika kitu, akaenda.

Kitanda cha jirani alilala msichana aliyepasuliwa tumbo, na mama yake mzazi, mzee, alikuwa anamlinda. Huyo mama alisikia nikiitwa kwa jina lile, jina la Kifuliiru safi, akafurahi kupata mtoto wa kwao. Akaanza kunisemesha Kifuliiru. Kifuliiru nakisikia kidogo, maneno yake mengi ni jirani na ya Kirundi chetu, lakini kujibu siwezi. Nikawa naitika kwa kichwa. Aliona taya, hakushangaa. Alikoroga uji, akauchuja kwa kitambaa, akatafuta mrija, akaniingizia kwenye tundu dogo lililobaki kati ya meno. Siku mbili nzima alifanya hivyo. Ananinywesha, anasimulia. Habari za Runingu, za mihogo, za watu ambao alidhani ni babu zangu.

Hapo ndipo nilisikia upweke ambao sikuwahi kuusikia hata nikiwa peke yangu chumbani. Kwa sababu mtu alikuwa ananipenda, na upendo ulikuwa unanipita kwenda kwa mwenye jina. Nilitaka kumwambia, mama, mimi sina babu huko. Mdomo ulikuwa umefungwa, ndiyo. Lakini hata ungefunguka, sidhani ningesema.

Upande wa pili kulikuwa na mama mwingine, yeye alisema kwa sauti siku moja kwamba watu wa ng'ambo ndio wanamaliza dawa zetu. Alikuwa anasema na mwenzake, mimi hakunijua. Wengine wakaguna. Mzee wangu wa uji aliendelea kuchuja uji wake. Nikavuta kitenge mpaka juu ya pua.

Munganga, yaani daktari, alikuja asubuhi na mchana. Kijana, mpole, macho ya mtu asiyelala. Alinikagua shingo kwa vidole, uso wake ukabadilika. Akamweleza muuguzi nami nikisikia: usaha umeanza kushuka, ukifika koromeoni utafunga pumzi. Munganga wa meno anafika Jumatatu, lakini dawa haiwezi kungoja Jumatatu. Dawa ya kweli kwa kazi ile ni ya jamaa ya peneseline, na fishe imeikataza. Ile nyingine ya kuibadili imeisha, imeagizwa, barabara siku hizo haikuwa nzuri. Basi tungojee.

Ndugu zangu, kabati la dawa lilikuwa pale mlangoni. Nililiona kutoka kitandani. Dawa yangu ilikuwa ndani, hatua kumi. Na mimi nimelala nangojea dawa ya mwenzangu ifike kutoka mbali, kwa ugonjwa wa mwenzangu, kwa mwili wa mwenzangu. Kila nilipofikiri kuomba kalamu, nilimwona dada yangu akiitwa na kukaripiwa, nikajiona mimi juu ya gari nikirudishwa, nikamwona mama kambini akiambiwa. Nikasema, kesho. Kesho ikafika, nikasema, labda dawa itakuja leo.

Sasa ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Hapa shikeni benchi.

Yule dada yangu, huko nyumbani, moyo ulimchoma. Akaja hapahapa kwenye chumba cha sala, mahali ambapo mimi nilikuwa nakaa nyuma na kutoka kabla ya salamu, akamwambia mama shemasi kwamba niko lopitali, hali ni mbaya, na sina mtu. Lakini ya fishe hakuyasema. Aliona haya. Akataja jina langu la kweli, kwa kuwa ndilo mlilonijua nalo.

Mama shemasi na wamama wengine wawili wakafunga chakula, wakaja. Mimi nimelala. Nikasikia mlangoni sauti inataja jina langu. Langu lenyewe, lile la baba, na lile alilonipa mama. Tangu nifike pale hakuna aliyelitamka.

Muuguzi akafungua kitabu, akapitisha kidole. Akasema, "Huyo hatuna."

Mama shemasi akauliza kama anaweza kutazama kwa macho. Akaruhusiwa. Akaingia, akatazama kitanda kwa kitanda. Macho yake yalifika kwangu. Kitenge juu ya pua, shavu limekula jicho moja. Yakanipita, sawa vile unapita nyumba ya mtu usiyemjua.

Nikajaribu kuita. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa mbuzi, ikaishia nyuma ya meno. Nao wamegeuka. Nikasikia mmoja akisema labda wamempeleka kwingine, twende tukaulize. Naona migongo yao. Naona chakula kimefungwa kitambaa cheupe kinatoka mlangoni.

Nilijua kitu kimoja tu wakati ule, nacho kilikuja wazi kabisa: wakitoka hawa, mimi sipo. Mtu akija kunitafuta kesho ataambiwa huyo hatuna. Mama yangu akija kwa miguu kutoka kambini ataambiwa huyo hatuna. Na litakuwa neno la kweli.

Nikashika kile kikombe cha bati, nikakipiga kwenye chuma cha kitanda. Nikapiga. Nikapiga tena mpaka msichana wa tumbo akaamka na mtu akapiga kelele ninyamaze. Sikunyamaza. Wamama wakasimama. Muuguzi akaja mbio, akawaambia wale, huyu si mnayemtafuta, huyu iko na jina ingine. Nikakataa kwa kichwa. Nikafanya kwa mkono alama ya kuandika. Nikashusha kitenge.

Mama shemasi akarudi mpaka karibu. Akanitazama muda mrefu. Kisha akaweka chakula chini, akatoa kalamu kwenye Biblia yake.

Niliandika kwa herufi kubwa, nyuma ya karatasi ya matangazo ya ibada. Naikumbuka yote, kwa kuwa haikuwa ndefu. Niliandika jina langu. Nikaandika: MNATAFUTA MIMI. FISHE SI YANGU. NATOKA BURUNDI. PENESELINE NILIDUNGWA UTOTONI MARA NYINGI, HAIKUNIFANYA KITU. Nikafikiri kidogo, nikaongeza: MWENYE FISHE ASIKARIPIWE.

Muuguzi alisoma. Chumba kizima kilikuwa kinaangalia. Nilingoja aite askari. Yeye akakaa kwenye ukingo wa kitanda, jambo ambalo wauguzi hawalifanyi, akasema polepole, "Dada, ungekufa hapa, tungemzika nani?"

Mimi nililia, na kulia na taya iliyofunga ni kazi, msijaribu. Alikuwa anasema kweli. Kule Runingu wangemlilia mtu aliye hai, anayeanika ndagala ufukweni, mtoto wake yuko mgongoni. Na mama yangu angeendelea kuningoja, mwaka baada ya mwaka, akisema binti yangu amenisahau.

Mambo yalikwenda upesi baada ya hapo. Munganga akaitwa. Alikasirika, sitawaficha. Alisema maneno mawili matatu makali kuhusu watu wanaocheza na karatasi za afya, kwamba dawa inayomponya mmoja inamuua mwenzake, na yote yalikuwa haki. Akauliza ni nani aliyeniambia mgeni hatibiwi. Nikaandika: WATU. Akaguna. Akamwambia muuguzi afungue fishe mpya. Muuguzi akaniuliza, nami nikajibu kwa karatasi na kalamu: jina, baba, mama, fasi ya kuzaliwa. Nikaandika fasi ya kuzaliwa. Akaisoma, akaiandika kwenye fishe kama anavyoandika Runingu ao Mulenge, akapita kwenye mstari unaofuata. Ni hivyo tu. Ule mstari ulionitisha miezi yote ile, kwake ulikuwa mstari.

Kwanza wakanidunga kidogo tu kuona kama ngozi itavimba. Haikuvimba. Ndipo wakanipa sindano yenyewe, kutoka kabati lile la hatua kumi.

Nikabaki na hofu moja. Mzee wangu wa uji. Alikuwa amesimama na sufuria mkononi, amesikia yote. Sikuweza kumwangalia. Nikaona miguu yake inakuja. Akaniuliza, safari hii kwa Kiswahili, "Ule uji wa siku mbili, ni nani alikuwa anakunywa?"

Nikajionyesha kwa kidole.

"Basi nilipikia muntu," akasema. "Sikumwaga."

Akaenda kuosha mrija.

Jumatatu munganga wa meno akaja. Taya ilikuwa imelegea kidogo. Akapasua, usaha ukatoka, akatafuta mizizi ile moja moja. Sindano ya ganzi ilifanya kazi, lakini mzizi wa mwisho ulikuwa umekataa kuhama. Alipouvuta nilipiga ukelele: "Mawe!" Ndivyo tunavyomwita mama kwetu. Kirundi kilitoka chenyewe, kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kikafika hadi chumba cha wagonjwa. Niliporudishwa kitandani, yule mama aliyesema juu ya watu wa ng'ambo alikuwa ananitazama. Sikujua atasema nini. Akasema, "Kumbe hata kwenu inauma." Halafu akasogeza blanketi lililokuwa limeanguka miguuni kwangu. Hatukuwa marafiki. Lakini blanketi alilisogeza.

Baada ya wiki moja nikatoka. Mama shemasi na wale wengine walipokezana zamu, leo huyu anapika, kesho yule, na hapakuwa na siku ambayo chini ya kitanda changu hapakuwa na sufuria. Mambo ya gharama wamenikataza kuyasema, nami nawaogopa. Dada yangu wa fishe alikuja siku ya pili, ameshaambiwa yote. Tulikwenda pamoja kituo cha afya kurekebisha karatasi yake, kwa maana mle ndani alikuwa tayari na jino bovu na mtoto wa miezi minne anayetembea. Muuguzi alitukaripia wote wawili kwa usawa. Kisha akamwambia dada yangu neno ambalo bado linanitisha: kwamba kama sindano yangu ingeandikwa kwenye fishe ile, naye mwenyewe akafika pale na homa, mtu angeona kwamba juzi amedungwa peneseline akapona, naye angedungwa tena. Yeye angekosa pumzi kwa ajili ya wema wake. Hatukuwa tumelifikiri hilo.

Nawashukuru. Wewe mama shemasi, kwa kurudi hatua zile chache kutoka mlangoni. Ninyi wamama mliopika. Muuguzi wa kwanza aliyeniuliza habari za mtoto, na wa pili aliyekaa kwenye ukingo wa kitanda. Wale waganga wawili. Mzee wa Runingu ambaye hayuko humu. Binti yake alipona, walirudi kwao, na niliwapelekea ndagala kavu kwa mtu wa baiskeli. Nawe dada yangu, nakushukuru kwa jina lako ulilonipa bila kuuliza, na nakuomba usilitoe tena.

Sitawadanganya kwamba sasa kila kitu ni tamu. Bado kuna siku naenda mahali naulizwa natoka wapi, na kwanza naangalia mlango uko wapi. Bado mama yuko mbali. Lakini nimetuma habari, naye amenitumia nakala ya karatasi ile ya jamaa, imekunjwa mara nane. Nimeijua sasa njia ya kituo cha afya, dirisha la kuuliza, na siku ambayo munganga wa meno anakuja. Nimewapeleka watu watatu tayari, wawili wa kutoka ng'ambo na mmoja aliyekimbia kutoka juu milimani, ambaye ni wa nchi hii kabisa na alikuwa na hofu kuliko sisi.

Somo langu ni dogo, sawa na masomo yangu ya shule. Ugonjwa wako ulete kwa jina lako. Usimwamini mtu wa mchangani kabla hujauliza dirishani. Na wewe mwenyeji mwenye huruma, usimpe mgeni karatasi yako. Mpe siku yako. Ingia naye langoni.

Na kama uko humu, na ndani ya pochi yako kuna fishe ya mtu mwingine, usinyooshe mkono. Sitaki nikujue mbele za watu. Tukimaliza sala, wengine wakitoka kusalimiana, mimi nitabaki kwenye benchi ile ya mwisho. Huna haja ya kuanza kusema. Njoo tu. Nitasogea.